Bakteria akifa, sumu yake hubaki

MARA nyingi nimesikia ndugu wa wagonjwa wakiuliza: kama dawa imeua bakteria, mbona mgonjwa anazidiwa?

Sehemu ya jibu iko kwenye utando wa nje wa bakteria wa kundi la kipindupindu na homa ya matumbo. Utando huo una sumu iitwayo endotoksini, ambayo Mjerumani Richard Pfeiffer aliieleza mwaka 1892 baada ya kuona kwamba bakteria wa kipindupindu waliouawa kwa joto bado wana sumu.

Bakteria anapokufa, vipande vya utando huo humwagika kwenye damu. Protini moja huvibeba hadi kwenye seli za kinga, ambako hupokelewa na kipokezi kinachoitwa TLR4. Ugunduzi huo wa mwaka 1998 ulimpatia Bruce Beutler Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kinga ikizidisha vita, mishipa huvuja, shinikizo la damu hushuka na figo hushindwa kazi.

Hata hivyo, mwili una silaha yake: peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Binadamu tunayo LL-37. Chura wa Afrika, Xenopus laevis, anazo zake kwenye ngozi. Michael Zasloff alizitangaza mwaka 1987.

Peptidi hizi zina chaji chanya, na endotoksini ina chaji hasi, hivyo hunasana. LL-37 huigandama sumu hiyo na kuizuia isifike kwenye kipokezi. Naweza kuifananisha na kumfunga nyoka mdomo.

Polimiksini, dawa iliyogunduliwa mwaka 1947, hufanya kazi hiyo hiyo, lakini huumiza figo. Ndiyo maana Japani ilianza kuitumia mwaka 1994 ikiwa imegandishwa ndani ya chujio: damu hupitishwa nje ya mwili, sumu hunaswa, damu hurudishwa. Lakini jaribio kubwa la Amerika Kaskazini, lililochapishwa mwaka 2018, halikuonyesha kwamba vifo vilipungua.

Bakteria nao wanajifunza. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayopunguza chaji hasi ya utando ili dawa jamii ya polimiksini isishike.

Kwa sasa, msomaji wangu, kinga kubwa ni kuwahi. Homa ikiambatana na kuhema haraka, kuchanganyikiwa au kukosa mkojo, mkimbize mgonjwa hospitali. Bakteria wakiuawa mapema wakiwa wachache, sumu wanayoiacha nayo ni kidogo.