Minnesota: Bunge Lisilo na Walio Wengi
Mabunge ya majimbo ya Marekani, sehemu ya tatu

Jumanne ya tarehe 14 Januari 2025, Katibu wa Jimbo la Minnesota, Steve Simon, alipanda jukwaani mbele ya Baraza la Wawakilishi mjini St. Paul kufungua kikao kipya. Kazi yake pale ni ndogo na sheria imeieleza: kwa kuwa baraza jipya halijawa na Spika, yeye hushika nyundo kwa muda, huita majina, husimamia kiapo na uchaguzi wa Spika, kisha huenda zake. Safari hii walioitika walikuwa 67, wote wa chama cha Republican. Upande wa pili wa ukumbi viti vilikuwa vitupu. Simon alitangaza kwamba akidi haijatimia, akaahirisha kikao na kutoka.

Warepublican hawakutoka. Walibaki ndani, wakaendelea kana kwamba nyundo haijagongwa, wakamchagua Lisa Demuth wa Cold Spring kuwa Spika na kuanza kugawana kamati. Kwa siku kumi zilizofuata jimbo likawa na Spika ambaye nusu ya baraza haikumtambua. Walikutana karibu kila siku ya kazi, wakasoma miswada na kuahirisha, huku wenzao wakiwa nje.

Wiki iliyopita tuliitazama Nebraska, jimbo pekee la Marekani lenye bunge la chumba kimoja. Minnesota ina vyumba viwili kama majimbo mengine yote, na muundo wake ndio uliozaa mkasa huu. Jimbo limegawanywa katika wilaya 67 za uchaguzi. Kila wilaya inachagua seneta mmoja. Kisha inakatwa vipande viwili, A na B, na kila kipande kinachagua mjumbe wa Baraza la Wawakilishi. Hesabu yake ni maseneta 67, ambao hawagawanyiki kwa mbili, na wajumbe 134, ambao wanagawanyika vizuri kabisa. Uchaguzi wa Novemba 2024 uliwagawanya sawasawa: 67 wa Republican na 67 wa DFL. DFL ni jina la Wademokrat wa huko. Chama chao kilizaliwa mwaka 1944 kwa kuunganisha Chama cha Democratic na Chama cha Wakulima na Wafanyakazi, na jina refu limebaki mpaka leo.

Matokeo hayo yalikuwa pigo kwa DFL. Tangu Januari 2023 walikuwa wameshika kila kitu: gavana Tim Walz, Seneti kwa tofauti ya kiti kimoja, na Baraza la Wawakilishi chini ya Spika Melissa Hortman wa Brooklyn Park. Katika miaka miwili walipitisha chakula cha bure kwa wanafunzi wote shuleni, likizo ya familia yenye malipo, ulinzi wa haki ya kutoa mimba na uhalalishaji wa bangi. Ni wachache wanaoweza kusema walifanya hivyo kwa wingi wa kiti kimoja. Hortman, ambaye wapinzani wake walimwogopa kwa jinsi alivyojua kanuni, ndiye aliyekuwa akihesabu kura.

Kugawana nusu kwa nusu peke yake kusingefunga baraza. Kilichofunga ni mambo mawili yaliyotokea kabla ya Januari. Katika wilaya ya 40B, mshindi wa DFL, Curtis Johnson, alishtakiwa kwamba haishi katika wilaya aliyogombea. Mwezi Desemba jaji alikubaliana na walalamikaji, Johnson akajiuzulu kabla hata ya kuapa, na DFL ikabaki na wajumbe 66. Gavana aliharakisha kuitisha uchaguzi mdogo wa tarehe 28 Januari; Mahakama ya Juu ya jimbo ikaufuta kwa kuwa uliitishwa kabla ya wakati wake wa kisheria.

Jambo la pili lilikuwa wilaya ya 54A, eneo la Shakopee. Brad Tabke wa DFL alishinda kwa kura 14, kisha ikabainika kwamba karatasi 20 za kura zilipotea bila kuhesabiwa. Mgombea wa Republican alikwenda mahakamani. Wapiga kura sita miongoni mwa wale ishirini walitoa ushahidi kwamba walimpigia Tabke. Hapo hesabu ilijifunga yenyewe: zilizobaki zilikuwa 14, na hata kama zote zingekuwa za mpinzani, Tabke angeongoza kwa sita. Jaji alimthibitisha Tabke asubuhi ileile ya tarehe 14 Januari.

Lakini mahakama haikuwa na neno la mwisho. Katika Minnesota, kama ilivyo katika mabunge mengi ya Marekani, kila chumba ndicho kinachoamua nani anastahili kukikalia. Warepublican, wakiwa 67 dhidi ya 66, walikataa kuahidi kwamba hawatamtoa Tabke. Na hapo historia ilikuwa inawatazama. Mara pekee nyingine baraza hili lilipogawanyika 67 kwa 67 ilikuwa mwaka 1979. Warepublican walipewa uspika, uliokwenda kwa Rod Searle. Kisha akaja Robert Pavlak, mjumbe wa Republican kutoka St. Paul, aliyekuwa akikabiliwa na tuhuma za kutoa maelezo ya uongo katika kampeni. Kwa kuwa hakuweza kupiga kura katika shauri lake mwenyewe, DFL ilimtoa kwa kura 67 dhidi ya 66, na uchaguzi mdogo uliofuata ukaipa DFL kiti hicho. Silaha waliyoihofia DFL mwaka 2025 waliitengeneza wao.

Kwa hiyo hawakuja. Wajumbe wao 66 waliapishwa Jumapili ya tarehe 12 Januari katika jengo la Kituo cha Historia cha Minnesota, karibu na bunge, kisha wakakaa mbali na ukumbi. Miongoni mwao alikuwapo Huldah Momanyi-Hiltsley wa wilaya ya 38A, mzaliwa wa kwanza wa Kenya kuchaguliwa katika bunge hilo. Alianza ubunge wake kwa kususia.

Swali lililobaki lilikuwa la akidi. Katiba ya Minnesota inasema kwamba wengi wa kila chumba ndio akidi. Wengi wa nini? Warepublican walihesabu watu: kiti kimoja kiko wazi, wajumbe waliopo kisheria ni 133, nusu na mmoja ni 67, nasi tuko 67. Katibu wa Jimbo na DFL walihesabu viti: viko 134, kiwe na mtu au kisiwe na mtu, kwa hiyo inatakiwa 68. Tarehe 24 Januari Mahakama ya Juu ilikubali hesabu ya viti. Yote yaliyofanywa tangu tarehe 14 yakawa si kitu, pamoja na uspika wa Demuth.

Msomaji wa Nairobi anaweza kujiuliza kelele yote hii ni ya nini. Ibara ya 121 ya Katiba ya Kenya inataka wabunge 50 tu kati ya 349 ili Bunge la Taifa likae. Upinzani ukitoka nje, kikao kinaendelea. Tanzania inataka nusu ya wabunge wote, kiwango kinachofanana na cha Minnesota, ila chama tawala kimezoea kuwa na viti vingi mno kiasi kwamba susio la wapinzani halizuii kitu. Akidi ni kanuni inayolala usingizi mpaka siku pande mbili zitakapokaribiana. Siku hiyo mjumbe asiyekuwapo anakuwa na nguvu kuliko aliyepo.

Upande wa Seneti mambo yalikuwa hivyohivyo kwa idadi, lakini si kwa tabia. Seneta Kari Dziedzic wa DFL alifariki kwa saratani mwishoni mwa Desemba 2024, na vyama vikabaki 33 kwa 33. Viongozi wa vyama, Erin Murphy wa DFL na Mark Johnson wa Republican, walikubaliana mapema kugawana madaraka. Bobby Joe Champion na Jeremy Miller wakawa marais wa Seneti kwa pamoja mpaka uchaguzi mdogo wa 28 Januari uliporudisha kiti cha DFL kupitia Doron Clark. Hakuna aliyesusia. Ni vigumu kusema kwamba katiba ndiyo iliyokuwa mbovu upande mmoja na nzuri upande wa pili, kwani ni ileile.

Usiku wa tarehe 5 Februari Baraza la Wawakilishi nalo lilipata mapatano, na siku iliyofuata wote walikuwa ukumbini. Demuth alichaguliwa tena, safari hii na akidi kamili, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa Spika wa Minnesota na mwanamke wa kwanza wa Republican kushika nafasi hiyo. Uspika ulikuwa wake kwa miaka miwili hata DFL ikirudisha kiti cha 67. Tabke angebaki. Kamati, pindi usawa ukirudi, zingekuwa na wajumbe sawa na wenyeviti wawili, mmoja kila chama, wakipokezana nyundo. Kamati moja tu iliachwa mikononi mwa Republican: ile ya kuchunguza ufisadi katika fedha za jimbo, suala lililokuwa likiwasha moto Minnesota tangu kashfa ya fedha za chakula cha watoto wakati wa Korona. Usawa ulirudi tarehe 11 Machi, David Gottfried wa DFL aliposhinda 40B.

Uenyekiti wa pamoja ulifanya kazi kuliko ilivyotarajiwa, na pia ulichosha. Katika kamati ya huduma za jamii, Mohamud Noor wa DFL, mzaliwa wa Somalia anayewakilisha Minneapolis, aliketi pamoja na Joe Schomacker wa Republican kutoka kusini magharibi mwa jimbo, eneo la mashamba. Mswada usioungwa mkono na wote wawili haukutoka. Hata ukitoka, sheria inataka kura 68 ukumbini, si wengi wa waliohudhuria, na hakuna chama kilichokuwa nazo. Miswada mikubwa ya kila upande ilikufa kimyakimya. Ilibaki bajeti.

Bajeti haina njia ya kuikwepa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bila bajeti serikali inafungwa, kama ilivyofungwa kwa siku 20 mwaka 2011. Kikao cha kawaida kiliisha tarehe 19 Mei 2025 kazi ikiwa haijakamilika, ingawa siku chache kabla yake Walz, Demuth, Hortman na Murphy walikuwa wametangaza makubaliano. Bei ya makubaliano hayo ililipwa na watu ambao hawakuwa mezani. Mwaka 2023 DFL ilifungua bima ya afya ya jimbo, MinnesotaCare, kwa wahamiaji wasio na hati za ukaazi, na watu walianza kuitumia Januari 2025. Warepublican walitaka ifungwe. Yalipofikiwa maafikiano ya kuifunga kwa watu wazima ifikapo mwisho wa mwaka, na kuwaachia watoto, wajumbe wa DFL wa kundi la watu wasio weupe na wenyeji asilia walipiga kelele nje ya mlango wa chumba ambamo viongozi walikuwa wakiongea na waandishi.

Kikao maalumu kilifanyika tarehe 9 Juni. Mswada wa bima ulihitaji kura 68. Warepublican walikuwa 67. Kura ya 68 ilikuwa ya Hortman peke yake, kwa kuwa ndiye aliyetoa ahadi, na hakutaka kumtwisha mwenzake mzigo huo. Mswada ulipita kwa 68 dhidi ya 65, na Hortman alilia mbele ya waandishi. Bajeti ya dola takriban bilioni 66 kwa miaka miwili ikapita, serikali haikufungwa.

Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 14 Juni, mtu aliyevaa kama polisi alimpiga risasi Seneta John Hoffman na mkewe katika mji wa Champlin. Wote wawili walinusurika. Kisha alikwenda Brooklyn Park na kumuua Melissa Hortman na mumewe Mark nyumbani kwao. Mshukiwa alikamatwa siku iliyofuata. Hortman alilazwa katika jengo la bunge ili wananchi wamuage, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo Minnesota.

Hata kifo hicho kilihesabika: Republican 67, DFL 66, hesabu ileile ya Januari. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyejaribu kuitumia. Mapatano ya Februari yalisimama, na tarehe 16 Septemba Xp Lee, mwenye asili ya Wahmong, alishinda kiti hicho na kurudisha 67 kwa 67. DFL ilimchagua Zack Stephenson kuwa kiongozi wake. Seneti nayo ilipoteza watu wengine watatu ndani ya mwaka: wawili walijiuzulu baada ya kukumbwa na kesi za jinai, mmoja kutoka kila chama, na mmoja wa Republican alifariki. Chaguzi ndogo ziliacha kila kiti kwa chama chake, DFL 34 na Republican 33.

Tarehe 3 Novemba 2026 wapiga kura wa Minnesota wanachagua upya wote 201, maseneta na wajumbe pamoja. Wilaya ni zilezile 67, na kila moja ingali imekatwa vipande viwili.

Sehemu ya nne itahamia Texas, ambako akidi ni theluthi mbili ya wajumbe 150, na ambako mwezi Agosti 2025 Wademokrat wengi waliondoka jimboni ili ramani mpya ya uchaguzi isipigiwe kura.