Ndege wa Mbololo

Mkulima wa Ronge, wajua vema kwamba mwenye kula mbegu yake yote hana la kupanda mvua zikija. Wajua pia kwamba beberu mmoja akiachiwa kundi, akawapanda binti zake na wajukuu zake, wanazaliwa watoto dhaifu. Msituni juu yako mambo hayo mawili yamekwisha kuanza.

Yuko ndege katika milima ya Taita asiyeonekana mahali pengine po pote duniani. Kichwa chake ni cheusi, mdomo ni wa rangi ya chungwa, na ubavuni ana wekundu. Hutembea chini akipekua majani makavu kutafuta wadudu. Mwaka 1913 wataalamu walimwandika kwa jina la Turdus helleri. Wengi waliobaki wamo Mbololo. Wengine wako Ngangao, na wachache sana Chawia.

Toka 1955 hata 2004 karibu nusu ya msitu wa asili wa Taita ilikwisha. Kwa mbali hutajua, maana misonobari na mikaratusi ilipandwa, na milima ni kijani vile vile. Lakini ndege huyu hakai humo.

Katika miaka ya 1990 wataalamu waliwanasa ndege hao, wakawapima miguu, wakawaachilia. Kule Chawia, msitu ulioharibiwa zaidi, miguu ya kulia na ya kushoto ilipungua kulingana kuliko ya wale wa Mbololo. Tofauti ni ndogo mno, lakini ni dalili ya taabu.

Sasa fikiri hasara yenyewe. Nyika imeitenga milima hii muda mrefu sana, hata ikawa kama kitalu cha aina mpya. Liko ua dogo la zambarau limealo Mbololo tu. Viumbe hubadilika kidogo kidogo, kizazi hata kizazi, lakini sharti mbegu iwe ya mchanganyiko. Wakibaki wachache mchanganyiko hupotea, na maradhi mapya yakija huenda asiwepo wa kuyastahimili. Akifa wa mwisho, zimekufa na aina zote ambazo zingetoka kwake. Baada ya maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita, dunia ilikaa mamilioni ya miaka kabla ya kujaa tena aina nyingi.

Basi usiingize mbuzi msituni, wala usizoe majani makavu ya humo kwa mbolea. Hayo ndiyo shamba la ndege huyu. Kuni panda zako mwenyewe. Mkaratusi wafaa, ila uwe mbali na kijito, kwani hunywa maji mengi. Penye kijito acha mikuyu isimame.