Kontenere inayofika Kasindi: sheria mpya za bahari zitaongeza ngapi ku bei?

Kamiyo inayofika Kasindi ikitoka Mombasa imekwisha kutembea zaidi ya kilometa 1,500 kupitia Kenya na Uganda. Dereva amechoka, transitere anakimbia na makaratasi, mwenye mali anapiga simu kila saa. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wa Beni na Butembo wanaanza kuhesabu gharama zao: duane, vizuizi, mazuti, mashimo ya barabara. Lakini ile kontenere, mbele ya kupanda kamiyo, ilikaa wiki nyingi juu ya maji, na ku fakture ya kampuni ya meli kuna mistari ambayo watu wachache wanaisoma.

Mistari hiyo inaweza kuongezeka. Katika mwezi wa kumi 2025, huko London, wajumbe wa serikali za dunia walikutana kwa kuamua kama meli kubwa zitaanza kulipa pesa kwa ajili ya moshi zinaotoa. Walibishana siku nne, kisha wakapiga kura ya kuahirisha kwa mwaka mmoja: 57 walitaka kuahirisha, 49 walikataa. Ku masoko yetu hakuna aliyeongea juu ya kura hiyo. Hata hivyo sukari, betri, vitenge, vipuri vya pikipiki na dawa tunazonunua zote zinapita baharini.

CNUCED, ambayo ni tawi la Umoja wa Mataifa linalofuatilia biashara, inasema zaidi ya 80% ya mizigo ya biashara kati ya inchi, kwa uzito, inasafirishwa na meli. Bei ya meli ikipanda, hakuna pa kukimbilia. Watu waliona hivyo wakati wa Covid. Kontenere ya futi 40 ku njia kubwa za dunia, ambayo mwaka 2019 ilisafirishwa kwa wastani wa chini ya dola 1,500, ilipita dola 10,000 katika mwezi wa tisa 2021. Wenye maduka walioagiza mali miezi hiyo bado wanaikumbuka.

Basi, nani anatunga sheria ya bahari? Katikati ya bahari hakuna serikali. Kuna Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, OMI, tawi lingine la Umoja wa Mataifa lenye makao London. OMI inatunga kanuni, lakini haina polisi. Mwenye kulazimisha ni ile inchi ambayo meli inabeba bendera yake, pamoja na bandari ambako meli inasimama. Na bendera inauzwa, kwa kusema wazi. Mwenye meli wa Ugiriki ao wa China anaweza kuandikisha meli yake Panama, Liberia ao Visiwa vya Marshall, inchi tatu zinazoongoza kwa bendera duniani, hata kama meli yenyewe haijawahi kufika huko. Anatafuta kodi ndogo na masharti mepesi.

Meli iliyoitwa Rubymar inaonyesha fujo hiyo vizuri. Ilipigwa kombora la Wahouthi wa Yemen katika mwezi wa pili 2024, ikazama mwezi uliofuata na zaidi ya tani 20,000 za mbolea ndani yake. Bendera ilikuwa ya Belize, mwenye meli alikuwa kampuni iliyoandikishwa Uingereza, na walioiendesha walikuwa watu wa Lebanoni. Mutu akitaka kushitaki juu ya mafuta na mbolea iliyomwagika, aanzie mlango gani?

Hata Kongo yetu iliingizwa katika mambo hayo. Serikali ya Kinshasa ilikwenda kulalamika ku OMI kwamba meli kwa makumi zilikuwa zinatembea baharini na bendera ya RDC bila idhini yake, zikiwa na vyeti vya uongo. Inchi yenye pwani ya karibu kilometa 40 tu ilijikuta na meli nyingi ambazo haizijui. Michezo hiyo ya bendera imezidi tangu Warusi wawekewe vikwazo juu ya vita vya Ukraine, sababu meli nzeeze za kubeba petroli zinatafuta jina la kujifichia. Zikipata ajali, mara nyingi hakuna asiransi ya kweli ya kulipa. Sheria zinazokuja zitagonga ukuta huo kwanza: unaweza kuandika kanuni nzuri namna gani, na meli ikabadili bendera kwa wiki moja.

Tuingie sasa ku moshi, juu hapo ndipo pesa iko.

Meli za dunia zinatoa karibu 3% ya hewa chafu yote inayopasha dunia joto. Inaonekana kidogo, lakini inapita ile ya inchi nyingi kubwa. Mwaka 2023 inchi za OMI zilikubaliana kufikisha hewa hiyo karibu na sifuri kuelekea mwaka 2050. Katika mwezi wa inne 2025 zikaandika mpango wenye bei ndani. Kura ilikuwa 63 kwa ndiyo, 16 kwa hapana, na 24 hawakusimama upande wowote. Marekani ilikuwa imetoka ku mazungumzo. Saudi Arabia na inchi zingine za petroli zilikataa. Visiwa vidogo vya Pasifiki, ambavyo bahari inavimeza, havikupiga kura ya ndiyo kwa sababu vilitaka sheria kali zaidi ya hiyo.

Mpango wenyewe unafanya kazi hivi. Hauhesabu kilometa ao mizigo. Unapima hewa chafu inayotoka kwa kila kipimo cha nguvu ya mafuta ambayo meli inachoma, kisha unalinganisha na hali ya mwaka 2008. Unagusa meli zenye ukubwa wa kupita 5,000 kwa kipimo cha meli, ambazo peke yake zinatoa 85% ya hewa yote ya usafiri wa baharini wa kimataifa. Kuna mistari miwili. Kwa mwaka 2028, mstari wa kwanza unadai kupunguza 4%, wa pili 17%. Meli inayokosa mstari wa pili inalipa dola 100 kwa kila tani ya hewa iliyozidi. Ikikosa hata ule wa kwanza, inalipa dola 380 kwa tani za sehemu hiyo.

Tuseme meli inaendelea na mafuta mazito yaleyale ya zamani, bila kubadili kitu. Kwa kila tani 100 za hewa, tani 4 zinalipiwa dola 380, tani 13 dola 100, na 83 zilizobaki hazilipiwi. Jumla dola 2,820, maana yake kama dola 28 kwa tani moja. Tuseme tena kontenere yako ikitoka China inabeba fungu la tani 2 za hewa. Ni dola 56. Kwa mutu anayelipa maelfu ya dola kwa kamiyo ya kutoka Mombasa mpaka Butembo, dola 56 haimuui. Lakini mistari inashuka kila mwaka. Mwaka 2035 inafika 30% na 43%, na kama bei zingebaki zilezile (zilipangwa kwa miaka ya 2028 mpaka 2030 tu), hesabu ileile inatoa dola 127 kwa tani, dola 254 kwa kontenere yako. Hapo sasa muuza vitenge ataanza kusikia.

Ni kwa sababu hiyo wengi Afrika walikuwa na wasiwasi. Inchi iliyo mbali na masoko inalipa mafuta mengi kwa kila mfuko wa mchele, na si yenyewe iliyoharibu hewa. Mpango uliweka mfuko wa pamoja ambamo pesa za meli zingeingia: sehemu ya kuwapa wenye meli wanaotumia mafuta safi, sehemu ya kusaidia inchi maskini kwa bandari zao, mafunzo na madhara ya bei. Nani atapata ngapi? Hapo ndipo karatasi ilikuwa bado nyeupe. Kusema ukweli, kwa inchi kama RDC swali hilo linapita lile la dola 56. Mfuko bila kanuni ya kugawa unaweza kuishia kwa wenye meli kubwa za Ulaya na Asia.

Kura ya mwisho ilitazamiwa mwezi wa kumi 2025. Siku chache mbele yake serikali ya Marekani ilitisha inchi ambazo zingekubali: kunyimwa viza, kuongezewa malipo ku bandari, vikwazo. Saudi Arabia ndiyo iliyoleta ombi la kuahirisha, na likapita.

Watu wanaweza kufikiri kuahirisha kumetuokoa pesa. Si hivyo kabisa. Ulaya haikungojea London. Tangu mwezi wa kwanza 2024 meli zinazoingia bandari za Umoja wa Ulaya zinalipia hewa zao: 40% ya hewa ya mwaka 2024, 70% ya 2025, na yote kuanzia 2026. Safari inayounganisha bandari ya Ulaya na bandari ya nje inahesabiwa nusu. Kwa hiyo kahawa na kakao ya Beni inayopandishwa meli Mombasa na kwenda Antwerp ao Hamburg imekwisha kuguswa, na kampuni za meli zinaandika nyongeza hiyo ku fakture. Pesa zinaingia ku kasha za Ulaya. Hakuna hata franga moja inayorudi ku mkulima wa Mutwanga. Kama kila eneo la dunia litatunga kodi yake, mkulima huyo atalipa mara mbili ao tatu bila kuwa na mjumbe ku meza yoyote.

Na mafuta yenyewe je? OMI ilikwisha kufaulu mara moja. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 2020 ilishusha salfa katika mafuta ya meli kutoka 3.5% mpaka 0.5%, na meli nyingi zikafuata. Kuacha petroli ni mlima mwingine. Mwaka 2023 kampuni ya Maersk ilizindua Laura Maersk, meli ya kwanza ya kontenere inayoweza kutembea na methanoli. Wengine wanajaribu amonia, ambayo haitoi kaboni ikichomwa lakini ni sumu: ikivuja, inaua wafanyakazi ndani ya meli. Wengine wanarudisha matanga, kama majahazi ya zamani, lakini ya chuma na kompyuta. Meli moja inaishi miaka 25 na zaidi. Inayojengwa leo itakuwa bado baharini kuelekea 2050, na mwenye kuijenga hajui sheria gani itamukuta. Basi anangojea, ao ananunua injini ya mafuta mawili ambayo ni ya bei. Meli nzeeze zinazokataliwa ku njia za Ulaya zinaweza kuletwa ku njia zetu.

Vita nayo iko na fakture yake. Tangu mwisho wa 2023, kampuni nyingi za meli zilikimbia Bahari ya Shamu na kuzunguka Afrika ya Kusini, safari ikaongezeka siku 10 mpaka 14 kati ya Asia na Ulaya. Meli ya China kuja Mombasa haipiti huko, inakata Bahari ya Hindi moja kwa moja. Bei ilipanda hata hivyo, sababu mzunguko mrefu ulimeza meli na kontenere zilizokuwa huru. Magari ya okazyo na mavazi ya mitumba kutoka Ulaya ndiyo yaliguswa waziwazi zaidi.

Kuna wanaosema bandari ya Banana, inayojengwa na DP World huko Kongo-Kati, itaondoa shida. Kwa Kinshasa, pengine: meli kubwa hazitashindwa tena na kina cha mto kwenda Matadi. Kwa Beni, Bunia ao Uvira, Banana ni mbali kuliko Mombasa na Dar es Salaam, na barabara ya kuunganisha haiko.

Kwa hiyo fakture ya kampuni ya meli inastahili kusomwa mstari kwa mstari, pamoja na transitere. Kuna bei ya safari yenyewe. Kuna nyongeza ya mafuta, inayopanda na kushuka. Kuna nyongeza ya hatari ya vita. Kuna, kwa mizigo ya Ulaya, nyongeza ya hewa chafu. Mwenye mali anaweza kuuliza kila moja inatoka wapi, na kulinganisha kampuni mbili mbele ya kuagiza. Kisha kuna ile ambayo haihusu London hata kidogo: malipo ya kuchelewesha kontenere. Kampuni inatoa siku kadhaa za bure, inashika dhamana, na kontenere tupu inapaswa kurudi Mombasa. Siku zikipita, inahesabu kwa dola, kila siku, hata kama kamiyo imekwama ku matope kati ya Kasindi na Beni. Siku chache za matope zinatosha kupita zile dola 56.