Injini Nayo Ina Kiu: Tuipe Maji Gani?

Askari hufundishwa tangu siku za mwanzo kambini kwamba bunduki chafu ni adui wa mwenye kuishika. Kila jioni huifungua, huipangusa na kuitia mafuta. Lakini gari linalombeba askari huyo pamoja na bunduki yake mara nyingi halipati heshima hiyo. Rejeta ikipungua maji, dereva hutupa macho huku na huku, akaona dimbwi, akachota kwa kopo, akamimina, safari ikaendelea. Kwake yeye, maji ni maji tu.

Ndugu askari, maji si maji tu. Gari linalochemka njiani si aibu ya dereva peke yake. Ni doria isiyofika, ni majeruhi anayesubiri, ni raia aliyepiga simu usiku na hakupata wa kumwokoa.

Hebu kwanza tutazame kazi yenyewe. Moto unaowaka ndani ya silinda ungeweza kuharibu chuma kwa muda mfupi kama usingeondolewa. Maji huzunguka kando ya silinda hizo, huchukua joto, hulipeleka kwenye rejeta, nayo hulitoa hewani. Hapa kwetu kazi hiyo ina ugumu wake. Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Kampala, iliyo juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,200, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, palipo karibu na mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kifuniko cha rejeta kinachobana vizuri huongeza shinikizo na kuyazuia maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Kwa hiyo kifuniko kilicholegea si jambo dogo kwa gari linalopanda milima ya Kigezi.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Maji yaliyopita katika miamba huyeyusha chokaa na madini mengine, nayo huitwa maji magumu. Yakipata joto huiacha chokaa hiyo, ikajenga ukoko mweupe kama ule uonekanao chini ya birika la chai. Ukoko huo haupitishi joto kama chuma kipitishavyo. Hujikusanya hasa pale penye joto kali, yaani kando ya silinda, mahali ambapo jicho la fundi halifiki.

Wengine watasema kuwa chokaa iliyomo katika rejeta moja ni kidogo mno. Ni kweli, lakini haba na haba hujaza kibaba. Tuchukue maji magumu yenye miligramu 300 za chokaa katika kila lita. Lori linalovuja, likiongezwa lita 2 kila siku kwa siku 100, limekunywa lita 200 na kupokea gramu 60 za chokaa. Maji yakitoka kwa mvuke, chokaa hubaki ndani. Basi dawa ya kwanza ni kuziba uvujaji, si kuzoea kuongeza maji.

Wakazi wa Kampala wana bahati. Maji ya bomba hutoka Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, na husafishwa na Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lililoundwa mwaka 1972, katika mitambo ya Ggaba na, siku hizi, ya Katosi pia. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo ni mvua inayoanguka juu yake moja kwa moja, ndiyo maana hayana chokaa nyingi. Lakini askari hakai Kampala siku zote. Anayepelekwa mahali pa visima virefu atakutana na maji mengine kabisa. Na anayefika Katwe, ambako watu huvuna chumvi ziwani, asithubutu kutia maji ya ziwa hilo katika rejeta, kwa maana chumvi hula chuma, na hula aluminiamu kwa haraka zaidi.

Iko njia nyepesi ya kuyapima maji porini. Tia maji katika chupa, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya kawaida, kisha tikisa. Yakitoa povu jingi upesi, ni maji laini. Yakikataa povu na kufanya utando mweupe, ni magumu.

Wakati wa kubadilisha kulanti, bora kuliko yote ni kulanti iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, au kulanti nzito iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa, yale tuyaitayo maji ya betri. Hapa tahadhari: madukani huuzwa pia asidi ya betri, nayo si maji. Soma chupa kabla ya kumimina. Yakikosekana hayo, yafaa maji safi ya mvua, yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo, au maji ya bomba ya Kampala. Maji magumu yakiwa ndiyo pekee yaliyopo, yachemshe, yaache yapoe na kutulia, kisha mimina ya juu tu. Kuchemsha huondoa sehemu ya chokaa, wala hakuondoi chumvi.

Wapo wanaodhani kulanti ni ya nchi za theluji peke yake. La hasha. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, nayo huinua kiwango cha kuchemka. Maji matupu, hata yakiwa safi namna gani, huleta kutu.

Kazi yenyewe ifanywe injini ikiwa imepoa. Usifungue kifuniko cha moto, na usimimine maji baridi katika injini iliyochemka, isije ikapasuka. Kulanti ya zamani ikingwe katika chombo, kwa kuwa ni sumu yenye ladha tamu inayovuta watoto na mbwa. Suuza mpaka maji yatoke meupe, na suuzo la mwisho liwe la maji mazuri, kwani si yote yatokayo. Kama mfumo wote huchukua lita 10 na lita 3 zimesalia ndani, tia kwanza lita 5 za kulanti nzito, ndipo uongeze lita 2 za maji. Hapo utapata nusu kwa nusu. Anayechanganya nje na kumimina bila hesabu hupata kulanti hafifu. Mwishowe washa injini, toa hewa, iache ipoe, upime tena.

Lakini vipi uwapo mbali na karakana, na maji yaliyopo ni ya kinamasi? Yachuje kwa kitambaa, uyatumie. Injini iliyokauka hufa leo hii, ilhali ukoko huua polepole. Hakuna afande mwenye busara atakayekulaumu. Kosa huja baadaye, pale dereva anaporudi kambini na kunyamaza. Gari hukabidhiwa mwenzake likionekana zima, na miezi michache baadaye kichwa cha injini hupasuka mikononi mwa mtu asiyejua lolote.

Basi andika katika daftari la gari: siku gani, wapi, maji gani, lita ngapi. Mstari huo mmoja utamfanya fundi asuuze mfumo kabla madhara hayajaota mizizi. Weka pia jerikeni moja ya maji mazuri ndani ya gari, iandikwe RAGBA YA REJETA, asije mtu akainywa wala kunawia. Mwenzako atakayelishika usukani kesho atakushukuru bila hata kukujua jina.