Kanuni na Skripti za Upande wa Seva katika Kuendesha Mantiki ya Programu: Mfano wa PostgreSQL na Daftari la Chama cha Akiba na Mikopo

1.0 Utangulizi

Kila programu tumizi inayotunza kumbukumbu za watu huwa na masharti yake: salio lisishuke chini ya sifuri, mkopo usitolewe bila mdhamini, alama ya mtihani isibadilishwe bila kujulikana aliyeibadilisha. Jumla ya masharti hayo ndiyo mantiki ya programu. Suala linalojadiliwa katika makala haya ni mahali pa kuyaweka. Yanaweza kuwekwa katika simu au kivinjari cha mtumiaji, katika programu ya kati, au ndani ya hifadhidata yenyewe iliyomo katika seva.

Sharti lililowekwa katika simu humbana mtumiaji wa simu hiyo pekee. Karani wa kaunta, skripti ya kuhamisha data usiku na fundi anayeandika amri za SQL moja kwa moja hupita njia nyingine. Kwa sababu hiyo, sharti linalopaswa kumbana kila mtu huwekwa mahali ambapo njia zote hukutana. Hata hivyo, kama itakavyoonyeshwa, kanuni iliyomo katika seva haitoshi iwapo mwandishi wake hakuzingatia kwamba miamala mingi huendeshwa kwa wakati mmoja.

2.0 Usuli wa Dhana

Kanuni ya kujiendesha katika hifadhidata ina sehemu tatu: tukio, sharti na tendo. Tukio ni jambo linalotokea, kwa mfano kuingizwa kwa safu mlalo mpya katika jedwali. Sharti ni swali linaloulizwa baada ya tukio. Tendo ni kinachofanywa iwapo jibu la swali ni ndiyo. Mradi wa POSTGRES, ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, uliiweka dhana hii miongoni mwa malengo yake ya awali. PostgreSQL ya leo imetokana na mradi huo. Vichocheo viliingizwa katika kiwango rasmi cha lugha ya SQL cha mwaka 1999.

PostgreSQL hutoa nyenzo tatu zinazopaswa kutofautishwa. Ya kwanza ni kizuizi, yaani tamko fupi ambalo kila safu mlalo lazima ilitimize. Ya pili ni kichocheo, ambacho huita skripti iliyohifadhiwa katika seva kabla au baada ya data kubadilishwa. Ya tatu ni kanuni ya kuandika upya, ambayo huigeuza amri yenyewe kabla haijatekelezwa. Nyenzo ya tatu ni ngumu kutabirika, na kwa kazi nyingi za kila siku kichocheo hueleweka kwa urahisi zaidi. Mjadala unaofuata unahusu nyenzo mbili za kwanza.

3.0 Sharti la Salio

Ichukuliwe kuwa mwanachama wa chama cha akiba na mikopo ana salio la shilingi 100,000. Anaomba kutoa shilingi 80,000 kwa simu, na katika dakika hiyohiyo mtu aliyemtuma anaomba shilingi 80,000 kwenye kaunta. Programu zote mbili zinasoma salio, zinaona 100,000 na kuridhika kuwa linatosha. Kila moja inakokotoa salio jipya kuwa 20,000 na kuliandika. Shilingi 160,000 zimetoka, na daftari linaonyesha kuwa zimebaki 20,000.

Suluhisho linalofikiriwa kwanza ni kuweka kizuizi kwamba salio lisiwe chini ya sifuri. Katika mfano huu kizuizi hicho hakikamati kosa lolote, kwa kuwa thamani iliyoandikwa mara zote mbili ni 20,000, nayo ni halali. Tatizo limo katika namna ya kuandika: programu imekokotoa nje ya hifadhidata, kwa kutegemea salio lililokwisha kupitwa na wakati.

Amri ikibadilishwa iwe ya kupunguza 80,000 kutoka katika salio lililopo, hali huwa nyingine. Muamala wa kwanza huifunga safu mlalo ya mwanachama. Wa pili husubiri. Kufuli linapofunguliwa, muamala wa pili hukokotoa kwa salio jipya la 20,000, hupata hasi 60,000, na hapo ndipo kizuizi hukataa na muamala mzima kutanguliwa.

Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba hakuna programu inayoweza kuandika salio kwa namna ile ya kwanza. Programu zinanyimwa ruhusa ya kugusa safu wima ya salio. Zinaruhusiwa tu kuingiza safu mlalo katika jedwali la miamala, na kichocheo cha jedwali hilo ndicho kinachopunguza au kuongeza salio. Skripti ya kichocheo hupewa haki za mmiliki wake, si za aliyeiita, na hivyo inaweza kufanya kile ambacho programu yenyewe hairuhusiwi. Kizuizi, kichocheo na ruhusa hufanya kazi kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, vingine huacha mwanya.

4.0 Sharti Linalogusa Safu Mlalo Nyingi

Kizuizi cha kawaida huikagua safu mlalo moja tu. Baadhi ya masharti ya chama huhusu jumla ya safu mlalo nyingi. Mfano ni kwamba jumla ya dhamana za mwanachama isizidi akiba yake. Mwanachama mwenye akiba ya shilingi 500,000 amekwisha kudhamini mikopo ya shilingi 300,000. Matawi mawili yanaingiza kwa wakati mmoja dhamana mpya za shilingi 150,000 kila moja. Kichocheo katika kila muamala kinajumlisha 300,000 na 150,000, kinapata 450,000 na kuruhusu. Hakuna muamala unaoona safu mlalo ya mwenzake, kwa kuwa bado haijathibitishwa. Jumla halisi inakuwa 600,000.

Skripti hiyo haina kosa la hesabu, na ikijaribiwa na mtu mmoja itafaulu kila mara. Kosa lake hudhihirika tu pale miamala miwili inapokutana. Mkopaji akishindwa kulipa, chama hugundua kuwa sehemu ya dhamana haina akiba nyuma yake.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni skripti kuifunga safu mlalo ya mdhamini kabla ya kujumlisha. Katika kiwango cha kawaida cha utengano cha PostgreSQL, muamala wa pili utasubiri, kisha utajumlisha upya, utapata 600,000 na kukataa. Ya pili ni kuendesha miamala katika kiwango cha juu kabisa cha utengano, ambacho tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011 hugundua migongano ya aina hii na kuukataa mmoja wa miamala. Tiba ya pili huitaka programu iwe tayari kuurudia muamala uliokataliwa.

5.0 Mipaka na Tahadhari

Vichocheo kadhaa vya aina moja vikiwekwa kwa tukio moja, PostgreSQL huviendesha kwa mpangilio wa alfabeti wa majina yao. Kubadilisha jina tu kunaweza kubadilisha matokeo. Aidha, kichocheo kinaweza kuamsha kingine, hata chenyewe, na mfumo hauweki kikomo cha mnyororo huo. Ni wajibu wa mwandishi kuuzuia.

Tahadhari nyingine huhusu vitendo vya nje ya hifadhidata. Skripti ikituma ujumbe wa simu kisha muamala ukatanguliwa, ujumbe haurudi, na mwanachama huarifiwa juu ya malipo yasiyokuwapo. Njia salama ni kichocheo kuuandika ujumbe katika jedwali la foleni, na programu nyingine kuutuma baada ya muamala kuthibitishwa.

Mwisho, mmiliki wa jedwali anaweza kuvizima vichocheo vyake, na amri ya kulimwaga jedwali zima haiamshi vichocheo vya safu mlalo. Kwa hiyo kumbukumbu ya ukaguzi inayotegemea kichocheo haimlindi mwanachama dhidi ya mwenye mamlaka makubwa juu ya seva.

6.0 Hitimisho

Ukaguzi wa upande wa mtumiaji unabaki na manufaa ya kumwonyesha kosa lake mapema, lakini sharti lenye kulinda fedha au haki ya mtu linastahili kuwa katika seva. Pale kizuizi kinapotosha, skripti haihitajiki. Pale skripti inapohitajika, ijaribiwe kwa miamala miwili inayoendeshwa sambamba, mmoja ukisimamishwa katikati huku mwingine ukiendelea. Jaribio la muamala mmoja haliwezi kufichua kosa la sehemu ya tatu wala la sehemu ya nne ya makala haya.