Pumzi ya Mjamzito: Kina Chake na Idadi Yake

Mjamzito anayeshuka daladala Buzuruga na kupanda kilima cha mawe kuelekea nyumbani mara nyingi husimama njiani kupumzika. Wengi husema mtoto anabana mapafu. Maelezo hayo yana ukweli mdogo, kwani hali hiyo huweza kuanza hata kabla tumbo halijaonekana.

Chanzo kikuu ni homoni ya projesteroni, ambayo huufanya ubongo uwe mwepesi zaidi kuitambua hewa ya ukaa iliyomo katika damu. Matokeo yake, mjamzito huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila pumzi, na jumla ya hewa anayovuta kwa dakika huongezeka kwa asilimia 30 hadi 50. Shinikizo la hewa ya ukaa katika damu yake hushuka kutoka milimita 40 hivi za zebaki hadi kati ya 28 na 32. Tofauti hiyo huiwezesha hewa ya ukaa ya mtoto kuvuka kondo la nyuma kwa urahisi. Baadaye mfuko wa uzazi huinua kiwambo kwa takriban sentimita 4, lakini mbavu nazo hutanuka. Kinachopungua hasa, kwa asilimia 20 hivi, ni hewa ya akiba inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi. Ndiyo maana mjamzito anayepewa dawa ya usingizi huishiwa oksijeni upesi.

Pumzi huwa za kina zaidi, ila idadi yake haibadiliki sana. Mama aliyetulia anayepumua zaidi ya mara 24 kwa dakika ana tatizo jingine: upungufu mkubwa wa damu, malaria, nimonia, kifua kikuu, damu iliyoganda mapafuni au ugonjwa wa moyo. Kuhesabu pumzi kwa dakika nzima hakuhitaji umeme wala mashine, hivyo hakuna udhuru wa kukiacha kipimo hiki, iwe ni katika zahanati ya kijijini au Hospitali ya Bugando.

Pumu inahitaji uangalifu wa pekee. Ujauzito haupunguzi kasi ya kupuliza hewa. Ikishuka, pumu imezidi. Aidha, hewa ya ukaa ya milimita 40 wakati wa shambulio, ambayo kwa mtu mwingine ingeonekana ya kawaida, kwa mjamzito huashiria kuchoka. Baadhi ya akina mama huacha dawa za kuvuta wakihofia kumdhuru mtoto, ilhali pumu isiyodhibitiwa humdhuru zaidi.

Mjamzito anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, anayeshtuka usiku akihema, anayekohoa damu au kuumwa kifua, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.