"Pale Si Wanacheza Tu?" Asubuhi Katika Chekechea ya Kilutheri, Kasense

Rudi hosteli useme wiki sita za likizo umezimalizia chekechea, uone utakavyochekwa. Mimi niliulizwa kama sapu ndizo zimenishusha mpaka huko. Mwingine, tena anasoma ualimu kama mimi, akasema, "Pale si wanacheza tu? Wewe ulikuwa unafanya nini?" Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Hata mimi nilikwenda nalo kichwani, na wapo wazazi wanaolipa ada huku wakijiuliza hilohilo kila mwezi.

Nilikuwa kwa mama mdogo. Kasense ni kata ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, mkoani Rukwa. Unatoka Mbeya, unapita Tunduma, unapita Laela, halafu uwanda wa Ufipa unakufungukia mbele, mashamba mpaka macho yachoke. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mimi mtoto wa Temeke niliingia mwezi wa saba na shati moja la mikono mirefu. Wiki nzima ya kwanza nilitembea na koti la baba mdogo, mikono imenifika vidoleni.

Mama mdogo anasali KKKT, na usharika una darasa la watoto wa miaka minne hadi sita. Akamwomba mwalimu nikae nione. Mwalimu alikubali kwa sharti moja: nisikae kwenye kiti. "Kiti kinawatisha. Kaa mkekani, wakuzoee."

Saa mbili kasoro watoto wanaanza kuingia, wengi wameshikwa mkono na kaka au dada anayekwenda shule ya msingi. Masweta, kofia za sufu, makamasi. Kwanza wanapanga mstari, mwalimu anakagua kucha, masikio na meno. Nilidhani ni mambo ya nidhamu tu, kumbe pale mlangoni anasoma watoto kama daktari. Nani ana joto, nani hajala jana, nani ana kidonda ambacho nyumbani hakijaonekana. Akimaliza mstari anajua nani asisumbuliwe siku hiyo.

Halafu mkeka. Wimbo, sala fupi ambayo mtoto mmoja anaongoza kwa zamu, na wenzake wanasubiri kwa hamu akosee. Hadithi ya Biblia ipo, mara nyingi kwa picha, na kila mtoto anataka kuwa kondoo aliyepotea kwa sababu ndiye anayetafutwa. Usidhani ni watoto wa Walutheri peke yao. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki tangu White Fathers walipoingia Karema mwaka 1885. Walutheri huku ni wachache, ingawa Dayosisi ya Ziwa Tanganyika ya KKKT ina makao yake papo hapo Sumbawanga. Kwa hiyo mkekani utawakuta wa Katoliki, wa Moraviani, na Mwislamu mmoja aliyekuwa anaimba kwa sauti kuliko wote. Mama yake alimleta kwa sababu ni karibu na nyumbani.

Hapa niingize kahistoria kidogo, mtanivumilia. Walutheri na shule za watoto ni habari ya siku nyingi. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani kwamba ni wajibu wao kufungua shule, za wavulana na za wasichana pia. Alisema saa moja au mbili kwa siku zinatosha, muda mwingine mtoto asaidie kazi nyumbani. Kwenye miaka ya 1770, huko Alsace, mchungaji wa Kilutheri Jean-Frédéric Oberlin aliendesha vikundi vya watoto wadogo wa wakulima, kazi iliyoanzishwa na msichana wa kijijini, Sara Banzet, aliyekuwa anawakusanya na kuwafundisha kufuma. Na Friedrich Fröbel, aliyelianzisha lenyewe jina la "bustani ya watoto" mwaka 1840, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Ajabu ni kwamba mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo kwa kuzishuku kuwa zinaeneza ukanamungu na ujamaa. Zilifunguliwa tena 1860. Yaani watu wazima kuogopa watoto wanaocheza hakukuanza leo.

Baada ya mkeka, vizibo. Darasa lina ndoo ya vizibo vya soda, mfuko wa punje za mahindi, maharage ya rangi mbili, na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira. Vyote havijanunuliwa. Ndivyo vifaa vya hesabu.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, sweta la kijani lililomzidi, aliyekuwa anahesabu moja mpaka ishirini bila kupumua. Nikamwambia mwalimu, huyu tayari. Akanipa vizibo nane, akasema, "Mhesabishe." Mtoto akaanza kuvigusa huku anataja namba, mdomo ukaenda mbio kuliko kidole. Akafika kumi na moja. Nikarudia, akapata kumi. Alikuwa anaijua hesabu kama wimbo. Kwamba kila kizibo kinachukua namba moja na moja tu, na kwamba namba ya mwisho ndiyo jawabu la "vingapi", hayo yalikuwa bado.

Kesho yake mwalimu alipanga mistari miwili ya vizibo, sita juu na sita chini, vimeangaliana. "Wapi vingi?" Sawa, wakasema wote. Kisha mbele ya macho yao akautanua mstari wa chini, bila kuongeza wala kupunguza. "Sasa wapi vingi?" Karibu wote wakaonyesha chini. Jamani, huyu ni Piaget! Yuleyule niliyemkariri usiku wa kuamkia mtihani, nikamwaga kwenye karatasi na kumsahau kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa najua kuandika kwamba mtoto wa umri huo anadanganywa na urefu wa mstari. Sikuwahi kumwona mtoto mwenyewe anadanganyika, halafu anakuangalia kwa kukuhurumia wewe usiyeona.

Na hapo ndipo penye jibu la yule rafiki wa hosteli. Huwezi kumwambia mtoto kwamba sita ni sita hata ikitanuliwa. Ataitikia "ndiyo mwalimu", na kesho ataonyesha mstari mrefu tena. Lazima avishike, avipange, avigawe, avirudishe, siku nyingi, mpaka aone mwenyewe. Huko kushika na kugawa, ukipita nje dirishani, kunaonekana ni kucheza.

Herufi zinakwenda hivyohivyo. Wanachora kwenye sinia la mchanga kwa kidole kabla ya penseli, kwa sababu misuli ya vidole haijakomaa, na mtoto anayelazimishwa penseli mapema anaishika kwa ngumi, akaja kuhangaika nayo baadaye. Wanaanza na irabu kwa sauti zake, halafu ma, me, mi, mo, mu. Kiswahili hapa kinatubeba, kinasomwa kama kinavyoandikwa. Kuna watoto wachache waliolelewa na bibi wanaofika na Kifipa zaidi. Mwalimu anakijua, mtoto akilia anambembeleza kwa Kifipa, akinyamaza anamrudisha taratibu kwenye Kiswahili. Ndani ya miezi michache wanachanganya, kisha wanatenganisha. Kifipa nacho ni Kibantu chenye ngeli zake, kwa hiyo mtoto haanzi sifuri.

Saa nne, uji. Nikae hapa kidogo. Rukwa ni miongoni mwa mikoa iliyoitwa "Big Four" kwa kulisha nchi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wana kanda yao Sumbawanga, na mwezi wa saba unaona malori ya mahindi yamepanga foleni. Sasa shika hii: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka mitano Rukwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Karibu nusu, katikati ya mahindi. Sababu moja ni hayohayo mahindi: mtoto anashiba ugali na uji mweupe, lakini mboga za protini, mayai, maziwa na matunda vinamfikia kwa nadra, au vinakwenda sokoni. Nyingine ni mama kuwa shambani kutwa, mtoto mchanga analishwa mara chache na mwenzake wa miaka saba.

Uji wa darasani unachanganywa mahindi, ulezi na karanga pale wazazi wanapochanga. Wasipochanga, ni mahindi na sukari. Nisiwadanganye, uji wa miaka mitano haurudishi urefu uliopotea. Udumavu mwingi unajijenga tangu mimba mpaka miaka miwili. Unachofanya ni kidogo zaidi na kinaonekana kwa macho. Kabla ya uji kuna watoto wanne au watano wanaoegemea ukuta. Baada ya uji, hawaegemei. Kipindi cha hadithi mwalimu amekiweka baada ya uji kwa makusudi.

Kisha nje: ukuti, kuruka kamba, udongo wa kufinyanga. Wanafinyanga ng'ombe, pikipiki, na mmoja alimfinyanga mchungaji akiwa na kola. Saa sita kasoro wanaanza kuchukuliwa.

Ilikuwa saa hiyo mama wa yule wa sweta la kijani alipokuja, wiki yangu ya nne.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama, karibu."

"Mwalimu, nina neno, usinielewe vibaya. Toka Januari daftari la huyu halijajaa kurasa kumi. Wa jirani yangu anasoma kule kwingine, anaandika mpaka mia, na Kiingereza anaongea. Huyu nikimuuliza leo mmesoma nini, ananiambia tumecheza. Na mimi hiyo ada naipata kwa kuuza maharage."

Mwalimu hakubisha. Akamwambia, "Kaa kidogo mama." Akamwita mtoto, akamwambia kila aliyebaki darasani apate kizibo kimoja. Mtoto akaangalia watu, akahesabu kwa kidole, polepole safari hii, akaenda kwenye ndoo akarudi na vizibo saba. Akagawa. Vikaisha sawasawa, isipokuwa alijisahau mwenyewe, akasimama katikati anatazama viganja vyake vitupu. Mama yake akacheka. Akarudi kuchukua cha kwake.

Mwalimu akasema, "Mwezi wa pili huyu alikuwa ananiletea konzi."

Mama alielewa, niliona. Lakini hakuwa mjinga wala hakuwa amekuja kubembelezwa. "Sawa mwalimu, nimeona. Na mwakani? Akienda darasa la kwanza, wenzake wanaandika, yeye anagawa vizibo? Nikitaka kumpeleka shule ya kulipia wanafanya usaili. Usaili wanampa karatasi, hawampi ndoo."

Hilo, wadau, hamna mhadhara nilioukaa ukanipa jibu lake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazina ada. Mtaala wa awali wa 2016 ulizungumzia michezo na kona za kujifunzia, si madaftari. Kwenye karatasi mwalimu wa Kasense ndiye anayefuata mtaala. Lakini kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya umma yanakipita kiwango hicho mara kadhaa. Mwalimu mwenye watoto themanini hagawi vizibo, anaandika ubaoni wanakili. Wazazi wameyaona madaftari yaliyojaa yakifungua milango. Anayewafanyia watoto usaili ni mtu mzima aliyesoma chuo kama hiki chetu.

Waliafikiana hivi. Penseli zingeanza Septemba kwa waliokuwa tayari, yeye akiwa mmoja wao. Ijumaa daftari lingekwenda nyumbani na ukurasa mmoja, mama asaini. Na mama akaomba kitu kingine ambacho mwalimu hakukitarajia: aelekezwe naye afanye nini jioni, kwa sababu vizibo hata nyumbani vipo.

"Mwambie akugawie maharage unayouza," mwalimu akasema. "Kumi kumi. Halafu uangalie kama hakukudhulumu."

Ijumaa ya mwisho kabla sijapanda basi niliona daftari lile. Juu kuna tarehe kwa mwandiko wa mwalimu, chini yake irabu tano zilizoyumba, na pembeni mtoto amechora duara nyingi sana. Nikamuuliza ni mipira. Akanisahihisha kwa upole: ni maharage, na yako thelathini na mbili. Nilihesabu. Yalikuwa thelathini na moja, na moja lilikuwa nyuma ya ukurasa.